Utani wa Saa Sita Kasorobo

"Saa sita kasorobo! Nilituma saa sita kasorobo, Brenton, iko kwenye simu—"

"Kwako! Kwako wewe! Kwangu mimi—"

"Usinianzie habari za kwako na kwangu!"

"—kwangu ilikuwa saa saba kasorobo, Narelle, na utani wa tarehe mosi Aprili mwisho wake saa sita mchana. Ukipita hapo si utani tena. Mtoto wa chekechea anajua."

"Mtoto wa chekechea angejua pia kwamba serikali haifuti pesa za uzeeni za waoka mikate eti kwa sababu pai ni huduma ya taifa!"

"Mimi si wakala wa kodi. Wakala ni wewe. Umeniambia nisilipe, sikulipa. Basi."

Hapo mimi, wakala mwenyewe, nikainua macho nikatazama saa.

Tulikuwa nyuma ya bekari yake, kwenye kichumba anachokiita ofisi, katikati ya magunia ya unga na kalenda ya mwaka juzi. Saa yake ya ukutani ilisema saa nne asubuhi. Ya mkononi mwangu ilisema saa tatu. Hapa tunaishi hivyo. Barabara ni moja. Upande wangu ni jimbo la Queensland, upande wake jimbo la New South Wales, na wao kila majira ya joto wanasogeza saa mbele, sisi hatutaki. Mwaka mpya tunaupokea mara mbili kwa kuvuka barabara tu na glasi mkononi. Daktari wangu wa meno yuko upande wa kwao, ameshazoea kuniona nikifika saa nzima baadaye nikijifanya nahema. Tunaichekea hiyo saa tangu tumezaliwa. Sikuwahi kumwona mtu akiichukua kumchinjia mwenzake.

Na Brenton Askew hakuwa mteja tu. Nimemfanyia kazi miaka kumi na moja. Bintiye Tamsin nilimbeba mimi kanisani siku ya ubatizo, akanitapikia gauni la kuazima. Mama yangu alipovunjika nyonga, ni Brenton aliyempeleka hospitali kwa gari la mikate, amelazwa katikati ya trei, akafika kule ananukia mdalasini.

Kazi yangu ni ndogo, haina sifa wala haidai shahada. Nina wateja thelathini na wawili, kila mmoja na biashara yake ndogo: kinyozi, fundi bomba, mama wa maua, watu wa kunyoosha mabodi ya magari. Kila siku ya mshahara napeleka ripoti ofisi ya kodi: fulani amelipwa kiasi hiki, amekatwa kodi hii, na mwajiri wake anadaiwa kumwekea kiasi hiki kwenye akiba ya uzeeni. Kila robo mwaka nafunga hesabu, natayarisha malipo ya akiba za watu, namtumia mwenye biashara. Yeye kazi yake ni moja tu, kubonyeza kitufe cha kuidhinisha pesa itoke benki. Siwezi kumbonyezea. Naweza kumkumbusha, kumbembeleza, kumtukania baba yake, lakini kidole ni chake. Na pesa lazima iwe imefika kwenye mfuko wa akiba ifikapo tarehe ishirini na nane. Ukituma siku hiyo hiyo ukadhani umewahi, umechelewa.

Kukumbusha watu wazima mambo haya mara nne kwa mwaka kunachosha, ndiyo maana mimi nafanya kwa mizaha. Fundi bomba nilimtumia kadi ya rambirambi ya marehemu risiti zake. Kinyozi nilimwandikia kwamba nywele alizozifagia zinatozwa kodi kwa kilo. Wananipenda kwa hilo, na wanalipa kwa wakati, kwa sababu wanasoma ujumbe wangu hadi mwisho. Ujumbe wa benki nani anausoma?

Basi tarehe mosi Aprili mwaka jana nikawaandikia wateja wangu wote, kila mmoja kwa kazi yake. Brenton alipata hii:

"Habari njema! Serikali imesitisha akiba ya uzeeni kwa waoka mikate, kwa kuwa pai imetangazwa huduma ya taifa na muoka pai hatakiwi kuzeeka. Usilipe hata senti mpaka nikuambie tena."

Dakika kumi baadaye nikampigia. Akapokea anacheka mpaka anakohoa. Akasema, "We mwanamke utanifungisha." Nikamwambia, "Utani wa Aprili mosi huo! Kabla ya tarehe ishirini na nane ulipe, la sivyo nakuja kukubonyezea kwa pua yako." Akasema atalipa.

Ujumbe unabaki kwenye simu. Kicheko hakibaki.

Siku chache kabla ya tarehe ishirini na nane Aprili nikamuuliza, "Umebonyeza?" Akasema amebonyeza. Julai nikamuuliza, amebonyeza. Oktoba, amebonyeza. Risiti zake aliendelea kuniletea kwenye boksi la pai kama siku zote, zina mafuta, na karatasi za benki zikaanza kuja zinaruka kurasa: ukurasa wa pili, wa tatu, halafu wa sita. Niliona. Nisidanganye, niliona. Nikamwambia "lete zilizobaki", akasema "wiki ijayo", nikasema sawa. Angekuwa fundi bomba ningemganda kama kupe. Lakini alikuwa Brenton.

Wiki mbili zilizopita nikapata barua kutoka bodi inayosajili mawakala wa kodi. Kuna malalamiko dhidi yangu, nijieleze kabla ya Ijumaa hii, nisipojieleza vizuri usajili wangu unaweza kufutwa. Bila usajili siruhusiwi kugusa hesabu ya mtu kwa malipo. Thelathini na wawili wote, kwaheri. Nyuma ya barua walikuwa wamebandika maelezo ya mlalamikaji. Nilijua ni Brenton kabla sijafika kwenye jina, kwa sababu neno "hakika" huwa analikosea namna ile ile tangu nimfahamu.

Kumbe ofisi ya kodi ililinganisha ripoti zangu na pesa zilizofika kwenye mifuko. Ripoti zinasema anadaiwa, mifuko inasema hakijaingia kitu. Robo mwaka tatu mfululizo, wafanyakazi wanane. Wakamwandikia yeye. Yeye hakuniambia. Akakaa chini peke yake, akatafuta kwenye simu yake kitu cha kujikinga nacho, akaokota ule ujumbe wangu wa Aprili, akanishtaki mimi.

"Nisomee hapa," nikamwambia sasa, nikaitandaza ile karatasi juu ya gunia. "Nisomee mstari huu kwa sauti."

"Sina miwani."

"Nakusomea mimi. 'Wakala wangu hakumaliza shahada yake, na ana historia ya mizaha isiyo na mipaka.' Brenton. Nani alikuambia kwamba sikumaliza shahada?"

Akaangalia dirisha. Dirisha lile halioni kitu, linaangalia ukuta.

"Nilikuambia mimi," nikasema. "Siku tuliyomzika baba yako. Umekaa kwenye ngazi za kanisa unalia kwamba umemwangusha mzee, nikakuambia usilie, mimi niliacha chuo nimebakiza somo moja, somo la ukaguzi wa hesabu, na watu wa nyumbani mpaka leo wanadhani nilihitimu. Hata mama hajui. Nilikupa hiyo ucheke. Ulicheka. Halafu ukaenda kuihifadhi."

"Mwanasheria ndiye aliyeniambia niweke kila kitu."

"Mwanasheria alikuwepo kwenye ngazi?"

"Narelle, ungekuwa wewe ungefanya nini? Faini, riba, na pesa zenyewe. Dola elfu hamsini na moja kabla hawajaanza kuongeza! Lile duka la pili nililotaka kufungua limenimaliza. Nimelipa pango la jengo tupu mwaka mzima. Nilisema nakopa kidogo hapo, robo moja tu, narudisha—"

"Kwa hiyo unajua hukuacha kulipa kwa sababu yangu."

Akaokota risiti moja mezani, akaikunja.

"Sema tena hiyo. Nilisema nakopa kidogo hapo. Sema tena, nirekodi."

"Ukirekodi bila ruhusa yangu ni kosa upande huu wa barabara," akasema, na nakuapia mdomo wake ulitaka kutabasamu. Kwa miaka kumi na moja hivyo ndivyo tulivyokuwa tukichezeana. Safari hii sikucheka naye.

"Nenda ukayafute malalamiko," nikamwambia. "Waandikie kwamba ulijua ni utani. Basi. Sitakudai kingine. Ofisi ya kodi ukiwaendea mwenyewe wanakupangia ulipe kidogo kidogo, nitakuandalia mimi, bure. Nitakaa na wewe mpaka mwisho. Lakini toa jina langu humo."

"Nikilitoa jina lako wataniuliza basi kwa nini."

"Ndiyo."

"Nitakuwa mwizi."

"Ndiyo, Brenton."

"Na sasa ni mjinga tu aliyedanganywa na wakala wake." Akaipangusa meza iliyokuwa safi. "Mjinga anasamehewa faini. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia, mtu akimtegemea wakala kwa nia njema wanamsikiliza. Nimefuata ushauri wako."

Ndiyo, nilimwambia. Nilimfundisha mimi, mezani kwangu, kwa kikombe changu.

Nikasema, "Nina shahidi."

"Huna."

"Siku ile uliweka simu kwa sauti kubwa. Nilisikia trei zinagonga. Kulikuwa na mtu jikoni."

Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Dulcie? Dulcie yuko na mimi miaka kumi na tisa. Mwite. Haya mwite! Dulcie!"

Sikutegemea angemwita. Nadhani hata yeye hakutegemea. Lakini mlango ulifunguka mara ile ile, maana yake alikuwa nyuma yake muda wote, na Dulcie Tranter akaingia na aproni yake, mikono imejaa alama za oveni mpaka kwenye viwiko. Ana miaka sitini na sita. Ndiye anayetengeneza keki za krimu ambazo watu wanavuka mpaka kuzifuata. Na ndiye aliyeumia kuliko wote. Tangu miaka mitatu nyuma alikuwa ameomba nusu ya mshahara wake asipewe mkononi, iingizwe moja kwa moja kwenye akiba, kama wanavyofanya wengi wakikaribia kustaafu. Fomu zake nilizijaza mimi. Kwa hiyo kwa miezi tisa Brenton hakukalia nyongeza ya mwajiri tu. Alikalia nusu ya jasho lake. Katika ile elfu hamsini na moja, elfu ishirini na nne ni za Dulcie. Desemba alikuwa aache kazi aende Tasmania kwa dada yake. Hakwenda. Mwanzo wa mwezi huo aliangalia salio lake, akadhani amekosea namba ya siri.

"Msipige kelele," akasema. "Kuna mteja mbele ana mtoto amelala."

"Dulcie," Brenton akasema, "mwambie huyu. Aprili ile mimi nilijua ni utani?"

Dulcie akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Ulijua," akasema.

"Dulcie!"

"Ulinisomea mara mbili. Ulisema 'muoka pai hatakiwi kuzeeka' ukanipiga bega, ukasema sikia huyo kichaa. Akapiga simu ukaiweka pale juu ya mashine ya kukandia. Nilimsikia mwenyewe akisema ulipe kabla ya tarehe ishirini na nane. Akataja na pua yako."

Nikakaa juu ya gunia na karatasi yangu. Wiki mbili nilikuwa naamka usiku natunga majibu kwa watu ambao wangeusoma ule ujumbe wangu na kuuona kama anavyouona mtu asiyenijua: wakala kamwandikia mteja asilipe. Na sasa hapa palikuwa na mwanamke mzima mwenye akili timamu, hana undugu na mimi, alisikia kila neno.

Brenton alikuwa amegeuka rangi ya unga wenyewe. "Miaka kumi na tisa, Dulcie."

"Nihesabie vizuri. Miaka kumi na tisa, kasoro miezi tisa uliyoniibia."

"Sikukuibia, nilikopa!"

"Mtu anayekopa huwa anamwambia mwenye nayo."

Nikatoa kwenye mkoba karatasi niliyokuwa nimeiandaa, maelezo ya shahidi, nusu ukurasa tu. Nilikuwa nimeacha nafasi ya jina kwa kutojua kama nitampata. Nikaandika jina lake, nikampa na kalamu. "Isome kwanza. Kama kuna neno si la kweli lifute."

Akavaa miwani iliyokuwa inaning'inia kifuani, akasoma polepole huku midomo inachezacheza. Brenton alikaa kwenye kiti chake, kichwa mikononi. Mbele, kengele ya mlango wa duka ikalia na mtu akaulizia pai za nyama na uyoga.

"Yote ni kweli," Dulcie akasema.

"Basi tia sahihi hapo chini."

Hakutia. Alikuwa ameishika ile kalamu kama anavyoshika mfuko wa krimu, kwa ngumi nzima. "Nikitia sahihi, nini kinampata huyu?"

"Analipa anachodaiwa. Na faini zake."

"Anazo?"

Nikamtazama Brenton. Hakuinua kichwa.

"Hana," nikasema. "Pengine atafunga biashara."

"Akifunga tunapanga foleni na benki na mwenye jengo na mtu wa unga. Najua. Ilimpata mume wangu kwenye kiwanda cha sukari. Walituambia wafanyakazi watatangulia, nikangoja mwaka na miezi minne." Akasema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja joto la oveni. "Na asipofunga?"

"Asipofunga analipa kidogo kidogo."

"Kwa miaka mingapi? Mimi nina magoti mawili tu, mwanangu, na yote yamekwisha."

"Dulcie, naelewa, lakini Ijumaa mimi wananifutia—"

"Ngoja. Mpwa wangu anafanya kazi kampuni ya bima, upande wenu. Jumapili nilimuuliza." Akaiweka karatasi juu ya meza, akaiweka kalamu juu yake, vizuri, sambamba. "Anasema mawakala kama wewe hawaruhusiwi kufanya kazi bila bima. Eti wakala akikosea, mteja akapata hasara kwa kumsikiliza yeye, bima ndiyo inalipa. Kweli au si kweli?"

Brenton aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, mdomo wazi, na kwa uso ule nilijua hilo hawakuliwaza hata mara moja, yeye na mwanasheria wake wote wawili.

"Dulcie, haifanyi kazi hivyo," nikasema.

"Kweli au si kweli?"

"Inalipa wakala akiwa amekosea. Mimi sikukosea. Wewe mwenyewe umesema sasa hivi, umesikia kila neno—"

"Nimesikia. Na nisipoulizwa na mtu mwingine, sijasikia." Akavuta kigoda cha plastiki, akakaa karibu yangu hata nikasikia harufu ya vanila kwenye nywele zake. "Wewe una miaka arobaini na tatu. Mikono mizuri, kichwa kizuri, unachekesha watu. Duka lolote kati ya hapa na Brisbane litakupa kazi. Hizo kurasa za benki zilizokuwa zinaruka, nilikuwa nampa mimi boksi la kuzitia. Uliziona, ukanyamaza. Sikulaumu. Nakuambia tu kwamba si uongo mtupu."

"Dulcie," Brenton akasema kwa sauti iliyokauka, "usimwombe hivyo."

"Wewe kaa kimya. Wewe umeshaongea na serikali."

Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, ile yenye alama za moto, akaubana.

"Mwanangu, sijawahi kukuomba hata kipande cha mkate. Leo nakuomba. Jibu hiyo barua kabla ya Ijumaa, uwaambie ulikuwa unamaanisha kila neno, ili bima yako itulipe. Sema ni wewe."